Jembe la Warumi na Jembe la Mulanda

Mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka na kuufukia mji wa Pompeii, wakulima wa viunga vyake waliacha majembe, miundu, reki na visu vya kupogolea mizabibu palepale vilipokuwa. Tangu karne ya 18 wachimbaji wa mambo ya kale wamekuwa wakivifukua. Kule Silchester, Uingereza, mafungu ya zana za chuma za Warumi yalipatikana mwaka 1890 na mwaka 1900, yamezikwa pamoja. Mipini imeoza, chuma kimesalia. Yapo hata masepetu ya mbao yaliyovikwa ukingo wa chuma tu, kwani chuma kilikuwa ghali. Mkulima wa Mulanda, katika Wilaya ya Tororo, akionyeshwa zana hizo hahitaji mkalimani.

Nasi twauliza: mbona jembe la kale la kwetu halifukuliwi vivyo hivyo? Si kwamba hatukuwa na chuma. Vyungu vya Urewe, huko Siaya, vilivyoelezwa kitaalamu mwaka 1948, vyahusishwa na wakulima wa kwanza waliojua kufua chuma katika nchi za Ziwa Viktoria, na baadhi yao waliishi zama zilezile za Warumi. Msafiri mmoja Mgiriki wa karne ya 1, aliyeandika juu ya biashara ya pwani yetu hadi Rhapta, ataja mikuki, mashoka, visu na nyuro zilizoletwa kutoka ng'ambo. Jembe halimo katika orodha yake. Hatutaki kujenga ghorofa juu ya neno lisilokuwapo, lakini jambo hilo lafikirisha.

Jibu, kwa maoni yetu, limo katika kazi ya mhunzi. Kusini ya Mulanda, kuelekea ziwani, kuna vilima vya Samia, ambavyo watu wake leo wamegawanywa na mpaka wa Uganda na Kenya. Wasamia walichimba mawe ya chuma vilimani humo, wakayayeyusha kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe yaliyouzwa kwa majirani wa pande zote. Jembe lilikuwa pia mali ya kutolea mahari. Kitu cha thamani namna hiyo hakitupwi. Lilipolika kwa kulima lilirudishwa motoni likawa kisu, na kisu kilipokwisha kikawa ncha ya kitu kingine. Ardhi haikupewa fungu lake. Anayetafuta historia hiyo hupata zaidi mavi ya chuma na vipande vya mirija ya udongo kuliko jembe lenyewe.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na majembe ya viwanda vya Ulaya yakaja kwa bei nafuu. Tanuri za Samia zikazimika moja baada ya moja. Majembe machache ya zamani yaliyobaki yamo darini na pembeni mwa maghala, na siku hizi wanunuzi wa vyuma chakavu hupita vijijini na mizani yao.

Hapo ndipo jambo hili linapotuhusu sisi walimu wa lugha. Columella, Mrumi wa karne ya 1, alikieleza kisu cha mizabibu akaitaja sehemu yake kila moja kwa jina na kazi yake, sita kwa jumla. Ndiyo sababu kisu kikifukuliwa leo chaweza kusomwa. Jembe la kienyeji la nchi za ziwa lilikuwa na msuka, yaani ule mkia wa chuma uliopenya katika mpini. Jembe la dukani lina tundu, na mpini ndio upenyao. Tulipowauliza wanafunzi wetu msuka ni nini, karibu wote walijibu kuwa ni fundi wa kusuka nywele. Mmoja tu, mjukuu wa mhunzi, alinyamaza, kisha akaomba ruhusa alete kitu kutoka nyumbani.