Butembo na Beni: Windows ya zamani, kuiacha au kubaki nayo?

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani iliacha kuihudumia Windows 10. Katika sekretariati za Butembo na Beni, pale raia wanapochapisha barua na kutoa fotokopi, wenye mashini wanajiuliza kama wahamie Windows 11.

Swali hilo si geni huku. Wakati wa vita vya 1998 hadi 2003, miji hii miwili ikiwa chini ya RCD-K/ML, bidhaa nyingi ziliingia kutoka Uganda kwa mpaka wa Kasindi. Kompyuta nazo zilipita njia hiyo, nyingi zikiwa zimeshatumika ng'ambo. Windows XP ilitoka Oktoba 2001, Kongo ikiwa bado imegawanyika. Ilipofika huku, ilikaa.

Ilikaa kwa sababu ya umeme. Butembo, mji wa wafanyabiashara wakubwa, uliishi miaka mingi kwa jenereta. Kila saa ya kompyuta ilikuwa mazutu au esansi, na baadaye kila mega ya intaneti ikawa pesa. Nani angechoma mafuta akingojea marekebisho yashuke? Fundi aliweka XP kwa CD, mara nyingi nakala isiyolipiwa, akazima marekebisho, kazi ikaendelea.

Tarehe 8 Aprili 2014 Microsoft iliiacha XP. Kesho yake mashini ziliwaka kama kawaida, na hapo ndipo wengi walidanganyika. Mfumo ulioachwa haufi: matundu yake ndiyo hayazibwi tena. Mwezi Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga mafaili katika nchi zaidi ya 100 na kudai malipo. Huko Uingereza hospitali ziliahirisha matibabu. Dawa ya tundu lile ilikuwa imetolewa tangu Machi kwa mifumo iliyokuwa bado inahudumiwa. Wengi walioumia hawakuwa wameiweka.

Sasa Windows 11 inadai kumbukumbu ya giga 4, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa ambazo nyingi ni za kuanzia 2017 au 2018. Mashini nyingi za okazioni ni za nyuma ya hapo. Fundi anaweza kuilazimisha iingie, lakini Microsoft haiahidi marekebisho kwa mashini ya namna hiyo.

Njia ya bure ipo: Linux. Ubuntu, iliyoanzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, iligawa CD zake bure kwa posta kwa miaka kadhaa. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia kwa Kiswahili. Kwa sekretariati ni vigumu, maana barua ya mteja iliyopangwa katika Word ikivurugika, mteja anahamia kwa jirani. Shule inayochapa mitihani yake yenyewe haina sababu hiyo.

Kwa familia zilizokimbia Kanyabayonga Juni 2024, au vijiji vya Beni, hatari ya kwanza iko kwingine. Kompyuta iliyobebwa mgongoni ina picha za diplome, karatasi za shamba, sura za waliobaki nyuma. Kubadilisha mfumo mara nyingi ni kufuta diski yote. Kabla fundi hajagusa, mafaili yanakiliwa kwenye kile mbili za USB, na moja inawekwa kwa ndugu wa mji mwingine.

Mwenye mashini binafsi isiyoweza kupokea Windows 11 anaweza kujiandikisha Microsoft apate marekebisho ya Windows 10 hadi 13 Oktoba 2026. Kompyuta isiyoingia kabisa kwenye intaneti inaweza kungoja zaidi, ila si ile ya sekretariati, inayochomekewa kile za wateja tangu asubuhi hadi jioni.