Torrey Canyon, 1967: dawa iliyoua kuliko mafuta

Mimi ni mutu wa udongo, mihogo na maharagi, si mutu wa bahari. Lakini kuna historia moja ya bahari ambayo kila agronome angepaswa kuijua, juu inaongea kitu tunachokiona kila msimu mashambani: dawa inayotiwa kwa woga, bila kipimo.

Tarehe 18 Machi 1967, asubuhi, meli Torrey Canyon ilipanda juu ya miamba ya Seven Stones, kati ya visiwa vya Scilly na Cornwall, kusini-magharibi ya Uingereza. Ilikuwa imebeba tani karibu 119.000 za petroli ghafi kutoka Kuwait. Kapiteni, Mwitalia Pastrengo Rugiati, alikuwa na haraka: asipofika Milford Haven kabla ya maji kujaa, angengoja siku kadhaa nje ya bandari. Akakata njia ya mkato. Meli ilikuwa na bendera ya Liberia, mwenyewe ni kampuni ya mambo ya karatasi tu, mafuta yalikuwa ya safari ya BP. Kumbukeni hiyo bendera, tutairudilia.

Serikali ya Uingereza haikuwa na mpango wowote. Hakuna mutu aliyewahi kuona mafuta mengi hivyo baharini. Walijaribu kuivuta meli, ikashindikana, na kapiteni mmoja Mholanzi wa kikosi cha uokoaji akafa katika mlipuko. Meli ilipokatika, wakatuma ndege za vita kuitupia mabomu na napalm ili mafuta yaungue. Ndiyo, mumesoma vizuri: serikali ilipiga mabomu meli iliyokwama kwenye mlango wake yenyewe.

Ndege wa bahari walikufa kwa maelfu. Manyoya ya ndege wa maji ni kama mabati yaliyopangwa vizuri juu ya nyumba: maji hayapiti, na hewa ya joto inabaki chini. Mafuta yakiingia, manyoya yanashikamana, maji baridi yanafika kwenye ngozi. Ndege anatetemeka, anajisafisha kwa mdomo, na hapo anameza sumu. Watu walijitolea kuosha maelfu ya ndege, wakapona wachache sana. Upande wa Ufaransa, kwenye visiwa vya Sept-Îles vilivyolindwa tangu 1912, wale ndege wenye mdomo wa rangi, macareux, walipungua vibaya kabisa.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo dunia ilipiga picha. Sehemu inayonigusa mimi iko chini, kwenye mawe.

Kwenye miamba ya Cornwall kunaishi konokono wa bahari mwenye gamba kama kofia ndogo, anayeshika jiwe kwa nguvu. Kazi yake ni kukwangua mwani, kama mbuzi anavyopunguza majani. Mafuta yalipofika ufukoni, wanajeshi na wafanyakazi walimwaga sabuni ya viwandani, jumla tani karibu 10.000. Sabuni hiyo ilikuwa imechanganywa na vimumunyisho vikali ili mafuta yavunjike. Utalii wa Pasaka ulikuwa karibu, mahoteli yalikuwa yanalia, basi kila mutu alitaka kuona mchanga mweupe upesi. Wengine walimwaga sabuni bila hata kuichanganya na maji, pipa nzima juu ya mawe.

Watafiti wa maabara ya bahari ya Plymouth waliacha kazi zao zote, wakashuka ufukoni kuandika walichokiona. Pale palipoingia mafuta peke yake, konokono wengi walibaki wazima, walionekana hata wakila mwani wenye mafuta. Pale palipomwagwa sabuni, walianguka kwenye mawe wote, na pamoja nao kaa na wadudu wengine wa maji.

Halafu ikatokea kitu ambacho mwalimu wa ekolojia angekiandika kwenye ubao. Bila konokono, mawe yalifunikwa na mwani wa kijani, kisha mwani mkubwa wa kahawia. Konokono wapya walipofika, walikuta chakula bila mwisho, wakazaana kupita kiasi, wakamaliza mwani wote, kisha njaa ikawapiga. Alan na Eve Southward walifuata mawe yale kwa miaka. Mahali pengine ilichukua miaka zaidi ya 10 ili mambo yatulie. Lakini pale Godrevy, ambako hawakutia sabuni kwa sababu ya kuogopea sili wanaoishi pale, mawe yalirudi kawaida katika miaka 2 au 3.

Nikisoma hiyo, nawaona wakulima wetu na kiwavi jeshi kwenye mahindi. Mutu anapima dawa kwa kizibo cha chupa, anaona kiwavi bado kinatembea, anaongeza kizibo cha pili na cha tatu. Siga na nyigu waliokuwa wanamsaidia wanakufa wa kwanza.

Sasa ile bendera. Chini ya sheria ya Marekani, mwenye meli angelipa tu thamani ya kilichobaki cha meli: mtumbwi mmoja wa uokoaji, dola 50. Waingereza wakangojea meli nyingine ya kampuni hiyo, Lake Palourde, wakaikamata Singapore. Mwisho, Uingereza na Ufaransa walipata pamoja pauni milioni 3. Kutoka hapo ndipo zilizaliwa mkataba wa 1969 juu ya malipo ya uharibifu wa mafuta, na MARPOL ya 1973.

Mtaniuliza: siye tuna kipande kidogo tu cha bahari kule Muanda, hiyo inatuhusu nini? Julai 2022 serikali ilitoa kwenye mnada bloki 27 za petroli, zingine kwenye bonde la Tanganyika. Mnada ulifutwa Oktoba 2024, lakini petroli haikuhama. Na kwenye mawe ya Tanganyika kuna samaki wadogo wanaokwangua mwani kama wale konokono, wengi wao hawapatikani ziwa lingine lolote duniani. Bahari ya Cornwall inasukwasukwa na mawimbi makubwa na maji kujaa na kupwa kila siku. Ziwa letu linatoa maji kwa mlango mmoja tu, Lukuga, pale Kalemie, na maji yake yanabadilika kwa hesabu ya karne.

Kwa hiyo siku mnada utakaporudi, wenzangu mlio kwenye wizara, kwenye ma ONG na kwenye maabara, pamoja na kuuliza bei ya pipa ulizeni pia: wakimwaga, watatia dawa gani ndani ya maji, nani atatoa ruhusa, na ni nani aliyekwisha kuijaribu kwenye mayai ya ndakala na ya mikeke?