Kanjo Anaweza Kubandua Kigae, Hawezi Kubandua Daftari

Kuna msee mmoja Mfaransa amebandika michoro ya vigae zaidi ya 4,000 kwenye kuta za dunia hii, na ukipanda naye lifti moja leo huwezi kumjua. Anajiita Invader, yaani mvamizi. Kwenye mahojiano anavaa kinyago, au sura yake inafunikwa na vimraba. Kazi zake ziko Paris, New York, Tokyo, Varanasi kule India, na Bhutan. Kimoja kiko chini ya bahari karibu na Cancún, Mexico. Kingine kilifika kwenye kituo cha anga za juu, na 2015 mwanaanga Mwitalia Samantha Cristoforetti akakionyesha kikielea humo ndani.

Na ndiyo, Mombasa yetu iko kwenye orodha yake. Tutafika huko.

Lakini leo sitaki tushangae tu vile ameenda mbali. Nataka tujiulize swali moja: kwa nini mtu asiye na sura wala jina ana historia iliyopangwa vizuri hivi, na sisi tunaojuana hadi majina ya utani hatuna?

Tuanze mwanzo. 1978, kampuni ya Kijapani inaitwa Taito ilitoa gemu ya Space Invaders, iliyotengenezwa na Tomohiro Nishikado. Unatia sarafu kwenye mashine, vijidudu vya angani vinateremka kwa mistari, wewe unavipiga risasi kabla havijafika chini. Kompyuta za wakati huo hazikuwa na nguvu, kwa hivyo kila kijidudu kilichorwa kwa vimraba vichache tu. Pikseli unaweza kuzihesabu kwa vidole.

Miaka ya tisini, huyu kijana wa Paris akaona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho ya kila mtu. Mraba wa kwenye skrini na kigae cha bafuni ni ndugu. Kigae kimoja, pikseli moja. Ukipanga vigae vizuri, kijidudu cha gemu kinatoka kwenye skrini na kukaa ukutani. Na tofauti na rangi ya kupuliza, kigae hakipauki kwa jua wala hakioshwi na mvua. Watu wamekuwa wakipamba majumba kwa mozaiki kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na baadaye makanisa na misikiti. Yeye alichukua hiyo kazi ya zamani akaipa sura ya gemu.

1998 akaanza kwa mpango kamili. Anatengeneza mchoro nyumbani, anaenda nao usiku, anapaka gundi ya simiti, anabandika, anatoka. Ruhusa haombi. Amewahi kukamatwa na polisi kwa hiyo kazi. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1999, wakati watu walikuwa wanaogopa kompyuta zote zitakwama mwaka ukigeuka 2000, yeye alikuwa Los Angeles akibandika kijidudu kwenye herufi D ya lile bango kubwa la Hollywood.

Sasa, sehemu ambayo watu wengi huiruka ndiyo sehemu yangu. Akishabandika, anaandika. Kila kazi inapewa herufi za mji na nambari. PA ni Paris, kwa hivyo PA_01, PA_02, mpaka 2024 alipobandika PA_1500. Kila moja inapigwa picha na kuingizwa kwenye orodha. Amechapisha ramani za miji aliyopita. Kule Montpellier, Ufaransa, alichagua kuta kwa ujanja hivi kwamba ukiunganisha nukta zote kwenye ramani ya mji unapata kijidudu kimoja kikubwa. Kazi yake ya 4,000 aliiweka Potosí, Bolivia, mji ulio zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Mtu asiyehesabu hawezi kucheza mchezo kama huo.

Haya, Mombasa. Yeye huita kila safari "uvamizi", na Paris hilo neno linachekesha. Lakini Mombasa ndiyo Mvita. Ni mji wenye Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593 baada ya kuuchoma mji zaidi ya mara moja. Huko mvamizi hakuwa kijidudu cha gemu. Alikuja na merikebu na mizinga. Sisemi vigae vichache ni mizinga. Nasema mgeni akija na hilo neno mfukoni, wenyeji tuna haki ya kumuuliza, "Unajua umeingia mji gani?"

Na kuna kitu kingine ambacho Pwani ingemwonyesha. Kubandika vyombo vya udongo ukutani si jambo geni huku. Nenda Mambrui, kaskazini ya Malindi, uone kaburi la nguzo lililopambwa kwa bakuli za Kichina za enzi ya Ming. Nenda Kunduchi, Tanzania, utakuta mtindo uleule. Waswahili walinunua bakuli zilizovuka Bahari ya Hindi, wakazipachika kwenye chokaa, na ukuta ukasema mwenye kaburi hili alikuwa mtu wa maana na ulimwengu ulimfikia. Hiyo ni mamia ya miaka kabla ya Taito kutoa gemu yoyote.

Lakini kwenye magofu mengi ya Pwani leo hukuti bakuli. Unakuta shimo la duara kwenye chokaa, mahali bakuli ilikuwa. Watu walizing'oa, zingine zikavunjika. Na kwa sababu hakuna aliyeandika kila shimo lilibeba bakuli gani, mara nyingi shimo ni shimo tu. Tunajua kulikuwa na kitu kizuri. Kilikuwa kipi, hatujui tena.

Shika hiyo picha ya shimo, kisha tuende Hong Kong.

2014 Invader alirudi Hong Kong na kubandika kazi nyingi mpya. Serikali ikaanza kuzibandua. Moja ilikuwa mbwa wa katuni, Hong Kong Phooey, na watu wa mtaa walikuwa washaanza kumpenda. Akaondolewa. Lakini mwaka uliofuata, nakala yake rasmi ikauzwa kwenye mnada wa Sotheby's kwa karibu dola milioni 2 za Hong Kong. Mwaka huohuo msanii akafanya maonyesho palepale Hong Kong, akayaita Wipe Out, yaani futa kabisa. Kanjo wa huko walibandua vigae, lakini hawakufuta nambari, picha wala hadithi.

Paris nako 2017 wezi walijifanya wafanyakazi wa jiji. Wakavaa vile vizibao vinavyong'aa, wakaweka ngazi, wakabandua vijidudu kadhaa mchana kweupe, wapita njia wakidhani ni kazi ya serikali. Walipata nini? Vipande vya vigae ambavyo unaweza kununua hadi dukani. Invader hutengeneza nakala moja tu rasmi ya kila kazi ya mtaani, na nakala hiyo ina cheti chake. Kilichong'olewa ukutani hakina cheti. Mwizi alibeba mwili akaacha roho kwenye daftari.

Na hapa ndipo mimi huyu mtu ananibamba kabisa. Kwa sababu kila kazi ina picha na mahali pake panajulikana, mashabiki wameanza kuzirudisha zilizoharibiwa. Wanatafuta vigae vya rangi na kipimo kilekile, wanahesabu mraba kwa mraba kwenye picha ya zamani, wanabandika upya palepale. Yeye hahitaji kuwepo. Tangu 2014 kuna pia programu ya simu inaitwa FlashInvaders. Ukikutana na kijidudu unakipiga picha, unapata pointi kati ya 10 na 100, na unashindana na watu wa dunia nzima. Daftari la mtu mmoja limegeuka kuwa la watu wote.

Sasa turudi nyumbani, na ukweli usemwe. Kuna upendeleo hapa. Mgeni akibandika kitu ukutani usiku anaitwa msanii, mnada unaita. Kijana wa Dandora akishikwa na mkebe wa rangi saa nane usiku, sidhani kanjo watamuuliza nambari ya kazi yake. Hilo silifichi. Lakini kulalamika peke yake hakujazi daftari.

Angalia nganya. Hakuna mji ninaoujua wenye sanaa inayotembea kama Nairobi. Lakini sheria za Michuki zilipokuja 2004 na ule mstari wa manjano, michoro mingi ya matatu ilifunikwa rangi. Nionyeshe orodha yake: gari gani, ruti gani, mchoraji nani, mwaka gani. Utapata stori za mabeshte na picha chache zenye ukungu. Au chukua Kibera wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007. Solomon Muyundo, anayejulikana kama Solo7, alizunguka akiandika maneno ya kuomba amani kwenye kuta na milango ya mabati wakati watu walikuwa wanachomeana nyumba. Kwangu hiyo ni kazi nzito kuliko kijidudu chochote cha gemu. Wanahabari walipiga picha, poa. Lakini wewe kijana wa leo unaweza kunipeleka ukuta wa kwanza, wa pili, wa kumi? Unajua ni mlango gani bado umesimama na ni upi uliishia kwa muuza vyuma?

Hayo ndiyo mashimo yetu kwenye chokaa, na haya tunayachimba sisi wenyewe, mchana, tukiwa na simu zenye kamera mkononi.

Watu wanapenda kusema sanaa ya mtaani ni ya kupita, si ya kukaa, kwa hivyo kuitunza ni kuiua. Sikubali. Ukuta unapita, rangi inapita, kigae chenyewe siku moja kinaanguka. Kumbukumbu ikipita pia, anayefaidika ni yule aliye na pesa za kununua rangi nyeupe.

Na hii kazi haihitaji ufadhili wala ofisi. Wiki hii ukipita mchoro unaoupenda, kwenye ukuta, kibanda au mgongo wa mathree, piga picha ya karibu, halafu moja ya mbali inayoonyesha mahali. Andika mtaa, tarehe, na jina la aliyechora kama anataka lijulikane. Akitaka kubaki bila jina, mpe nambari. Invader ametuonyesha nambari inatosha.

Anza na 01.