Lugha moja, mataifa 20: Somo la Kihispania kwa Garissa

KUNA dhana iliyotia mizizi katika fikira za wengi wetu, waliosoma kwa wasiosoma: kwamba kila lugha ina nchi yake na kila nchi ina lugha yake. Kijapani ni cha Japani, Kiitaliano ni cha Italia na, kwa mantiki iyo hiyo, eti Kisomali ni cha Somalia. Dhana hii haina madhara makubwa inapobaki midomoni mwa watu barazani. Ikifika Garissa, inauma. Mkenya aliyezaliwa Garissa, ambaye babu yake alizikwa Garissa, hufungua kinywa akasema lugha ya mama yake, na papo hapo uraia wake ukatiwa shaka.

Nataka tuipime dhana hii kwa kuzunguka mbali kidogo, hadi kwenye nchi za Kihispania. Msomaji anivumilie. Njia ni ndefu lakini inarudi nyumbani.

Hebu tuanze na hesabu. Kihispania ni lugha rasmi katika mataifa huru 20. Ulaya kuna moja tu, Uhispania yenyewe. Afrika tunayo moja pia, Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru Oktoba 12, 1968. Zilizobaki 18 ziko upande wa pili wa Atlantiki: Mexico, Guatemala, El Salvador, Honduras, Nicaragua, Costa Rica, Panama, Cuba, Jamhuri ya Dominika, Venezuela, Colombia, Ecuador, Peru, Bolivia, Paraguay, Chile, Argentina na Uruguay. Puerto Rico nako husemwa Kihispania, ila kisiwa hicho kiko chini ya Marekani.

Uhispania, kwa idadi ya watu, haifiki milioni 50, ilhali Mexico ina takriban milioni 130. Argentina, kwa ukubwa wa ardhi, inakaribia mara tano ya Kenya. Kwa hivyo anayesema Kihispania ni "lugha ya Uhispania" amesema nusu ya ukweli. Wengi wa wasemaji wake hawajawahi hata kuuona mji wa Madrid.

Sasa swali. Ikiwa kutoka Mexico hadi ncha ya Argentina watu wanaelewana, na wengi wao wana dini moja, mbona hawakuwa taifa moja? Si kwamba hawakujaribu. Simón Bolívar aliunganisha nchi tunazoziita leo Venezuela, Colombia, Panama na Ecuador kuwa jamhuri moja kuanzia 1819. Kufikia 1831 jamhuri hiyo ilikuwa imesambaratika. Amerika ya Kati nayo iliunda shirikisho la majimbo matano mnamo 1823. Halikudumu hata miaka 20.

Sababu ni nyingi. Milima ya Andes na misitu ilitenga miji, na wakubwa wa kila mji walitaka kutawala kwao. Lakini kulikuwa pia na urithi wa mkoloni. Uhispania ilikuwa imeyagawa makoloni yake kwa ajili ya utawala: Mexico na makao yake, Lima na makao yake, Bogotá na Buenos Aires vivyo hivyo, na chini ya hayo maeneo madogo zaidi. Uhuru ulipokuja, viongozi waliona kwamba wakianza kuchora ramani upya watachinjana. Wakaamua kila mmoja abaki na mipaka aliyoachiwa. Wanasheria huiita kanuni hiyo kwa Kilatini, uti possidetis, yaani mnavyomiliki ndivyo mwendelee kumiliki.

Haikuzuia vita vyote. Chile ilipigana na Bolivia na Peru kuanzia 1879, na Bolivia ikapoteza pwani yake yote. Bolivia na Paraguay zikauana tena kati ya 1932 na 1935. Hao walikuwa majirani wenye lugha moja ya serikali, na bado lugha haikuwapatanisha. Hata hivyo, kanuni yenyewe ilisimama, kisha ikavuka bahari.

Na hapa ndipo tunarudi nyumbani. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza walianzisha Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyokuja kujumuisha Garissa, Wajir, Mandera, Moyale, Marsabit na Isiolo. Wakati huo mpaka wa mashariki ulikuwa Mto Juba, na Kismayu ilitawaliwa kutoka Nairobi. Kisha Uingereza ikatia saini mkataba na Italia mnamo 1924, na mwaka uliofuata Jubaland ikakabidhiwa Waitaliano. Mfugaji hakuulizwa. Shangazi akajikuta upande wa Italia, mpwa wake upande wa Uingereza, na ngamia wao wakiendelea kufuata malisho yaleyale.

Somalia ilipopata uhuru mwaka 1960, bendera yake ilikuwa na nyota yenye pembe tano. Kila pembe iliwakilisha eneo linalokaliwa na Wasomali, na mojawapo lilikuwa hili letu. Mwaka 1962 Uingereza ilituma tume kuuliza maoni ya wenyeji, na tume ikabaini kwamba wengi wao walitaka kujiunga na Somalia. Pamoja na hayo, Machi 1963 London ikaamua eneo hilo liwe jimbo la saba la Kenya. Vita tulivyovizoea kwa jina la vita vya shifta vikazuka na kuendelea hadi 1967, Kenya na Somalia zilipoafikiana Arusha kwa upatanishi wa Rais Kenneth Kaunda wa Zambia.

Katikati ya vita hivyo, Julai 1964, viongozi wa Afrika walikutana Cairo. Kwa pendekezo la Julius Nyerere, walipitisha azimio kwamba kila nchi iheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru. Kenya iliunga mkono. Somalia na Morocco zilikataa. Tazama sasa, azimio hilo ni ile kanuni ya akina Bolívar. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipoamua kesi ya mpaka kati ya Burkina Faso na Mali mnamo 1986, ilieleza wazi kwamba kanuni hiyo ilianza kutumiwa Amerika ya Kihispania. Kwa maneno mengine, mpaka unaoifanya Garissa kuwa Kenya unalindwa na hoja iliyozaliwa katika nchi za Kihispania.

Hoja yenyewe ni ipi? Ni kwamba lugha haichori mpaka. Mtu wa Bogotá na mtu wa Caracas wanasema Kihispania, ila mmoja ni Mkolombia na mwingine ni Mvenezuela, basi. Kenya iliikumbatia hoja hii kwa mikono miwili. Lakini hoja hukata pande zote. Kama lugha haichori mpaka, basi pia haiwezi kuwa kipimo cha uraia. Huwezi kuikiri hoja Cairo ukaikana Garissa.

Nasi tuliikana, tena kwa miaka mingi. Kaskazini Mashariki ilitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari tangu 1963 hadi 1991. Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali walipigwa msasa nchi nzima na kutakiwa kubeba kadi ya pekee juu ya kitambulisho. Ukaguzi wa ziada kwa kijana anayetafuta kitambulisho ulidumu miongo kadhaa. Tangazo la Rais la kuukomesha lilitolewa Wajir Februari 2025. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 841,353 katika Kaunti ya Garissa pekee. Hao si wageni waliopotea njia.

Anayebisha namrudisha kwenye Kiswahili chetu. Barawa, kusini mwa Mogadishu, kuna wenyeji wanaosema Chimwini, lahaja ya Kiswahili. Wabajuni nao wako pande zote mbili za mpaka, Lamu hadi Kismayu. Je, Mbarawa ni Mkenya kwa sababu ya lugha yake? Hakuna anayesema hivyo. Mbona basi kipimo kibadilike tukitazama upande wa pili?

Mpaka, kwa upande wake, huigusa lugha. Somalia ilipoamua kuandika Kisomali kwa herufi za Kilatini mwaka 1972, Mogadishu walianza kuandika Axmed, Cali na Xasan. Garissa wenye majina hayohayo huandika Ahmed, Ali na Hassan. Wahispania wanayajua haya. Basi la abiria huitwa "autobús" Uhispania, "camión" Mexico, "guagua" Cuba na "colectivo" Argentina. Hakuna anayemwambia Mcuba kwamba amekosea. Akademia ya Madrid, iliyoanzishwa 1713, ilikuja kuungana na wenzake katika shirikisho lililoanzia Mexico mwaka 1951. Leo akademia 23 zinashirikiana kutunga kamusi moja, na maneno ya kila nchi yamo.

Hilo ndilo ningependa tuige. Somalia sasa ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, tangu 2024. Wataalamu wa Kisomali wa Garissa, Mogadishu, Jigjiga na Djibouti wanaweza kuketi meza moja bila yeyote kudai ardhi ya mwenzake. Nasi Wakenya tuna kazi yetu. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za Wakenya. Kisomali ni mojawapo ya lugha hizo, sawa na Kikamba na Kidholuo. Kipaswa kusikika katika afisi ya vitambulisho bila karani kuinua kichwa.