Ndege Yetu Iko Kwenye Kabati la Watu

Wadau, swali la haraka. VC10 ya mwisho kabisa kuruka duniani ilikuwa ya nani mwanzo?

Wengi mtasema ya Waingereza. Sawa, tarehe 25 Septemba 2013 ilitua Bruntingthorpe, Uingereza, ikiwa na rangi ya kijivu ya jeshi la anga la huko na namba ZA147. Lakini kabla ya jeshi kuipa hiyo namba, ilikuwa ikiitwa 5H-MMT. Hiyo 5H mbele ni Tanzania. Ilikuwa ndege ya abiria ya East African Airways, yaani yetu sisi: Mkenya, Mtanzania na Mganda, kwa pamoja.

Sasa ukitaka kuishika leo vile ilivyokuwa enzi zake, na nembo yake ya simba, njia iliyobaki ni kuinunua ikiwa na urefu wa sentimita 13. Ni modeli ya daikasti, yaani zinki iliyoyeyushwa, ikamiminwa kwenye kalibu, ikapakwa rangi za shirika. Nyingi hutengenezwa China, zikauzwa Ulaya na Marekani, zikaishia kwenye kabati za vioo za watu ambao huenda hawajawahi kukanyaga Embakasi. Hilo ndilo linaniuma.

Najua kuna mtu tayari anaandika komenti: "Bro, hizo ni toi." Hebu ngoja kwanza. Sisi watu wa Pwani ndio wa mwisho kusema hivyo.

Kumbuka mtepe. Ile jahazi ya kwetu iliyoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, tanga lake mkeka. Ilibeba mizigo ufuo huu kwa karne nyingi, halafu karne ya 20 ikatoweka. Leo ukienda makumbusho ya Lamu, unachokiona ni modeli. Mwaka 2003 mafundi walipojenga mtepe mpya Zanzibar, ule ulioitwa Shungwaya na kuwekwa Beit al-Ajaib, hapakuwa na mtepe mzima wa kuiga. Walitegemea maelezo, picha na modeli za zamani. Yaani kitu kidogo kilichokaa kwenye rafu ndicho kilichosaidia kurudisha kitu kikubwa kilichopotea.

Kwa hivyo modeli ni shahidi. Na shahidi lazima ahojiwe, kwa sababu kuna mashahidi wa uongo pia.

Kwanza, jua kesi yenyewe

East African Airways ilianza 1946 na ndege ndogo za mabawa mawili mawili, Dragon Rapide. Mwaka 1960 ikapata Comet 4, jeti zake za kwanza. Kuanzia 1966 zikaja Super VC10, injini nne zote nyuma, zilizoundwa kwa ajili ya viwanja vya joto na vya miinuko kama Nairobi. Shirika lilipata tano: 5X-UVA, 5H-MMT, 5Y-ADA, 5X-UVJ na 5H-MOG. Hiyo 5H-MOG, iliyofika 1970, ndiyo VC10 ya mwisho kabisa kutoka kiwandani. Hebu fikiria: ya mwisho kutengenezwa na ya mwisho kuruka, zote mbili zilikuwa za kwetu.

Soma tena hizo namba. 5X ni Uganda, 5H ni Tanzania, 5Y ni Kenya. Ndege tano za shirika moja, zimegawanywa kwa nchi tatu kama ndugu wanaogawana shamba. Siasa yote ya Jumuiya imeandikwa hapo ubavuni, kwa herufi ambazo kwenye modeli hata milimita mbili hazifiki.

Na ndugu wakagombana. Mwanzoni mwa 1977, baada ya mivutano ya madeni, shirika likafa, na Jumuiya ikavunjika mwaka huohuo. Kenya Airways ikaanza kuruka Februari 1977 kwa Boeing 707 za kukodi. VC10 nne zilizobaki zikarudi Uingereza, zikageuzwa matangi ya kujazia ndege nyingine mafuta angani. 5H-MOG imehifadhiwa huko Dunsfold. Wao wameitunza, sisi tunaigugo.

Sasa, jinsi ya kumhoji shahidi

Chuo niliacha, so sikupi lekcha. Lakini rula, picha na macho kila mtu anayo.

*Pima.* Super VC10 halisi ilikuwa na urefu wa mita 52.3. Kwa skeli ya 1:400 modeli inatakiwa iwe kama sentimita 13.1, kwa 1:200 ni 26.2. Boeing 787-8 ya KQ ni mita 56.7, so kwa 1:400 ni kama sentimita 14.2. Muuzaji akikwambia ni 1:400 na rula inasema 17, hapo hakuna mjadala.

*Soma namba ya usajili.* Hapa ndipo uongo mwingi hujificha. Tafuta picha ya ndege hiyohiyo, namba hiyohiyo, mwaka huohuo. Ukiona modeli ya East African ina namba inayoanza na G, hiyo ni ya Uingereza. Uliza: ilikuwa ya kukodi, au mtengenezaji alibahatisha?

*Linganisha rangi na mwaka.* Kenya Airways ilibadilisha rangi zake 2005, na 787 ya kwanza ikaja 2014. Kwa hivyo 787 yenye rangi za KQ za miaka ya tisini ni ndoto ya mtu. Inaweza kuwa nzuri, lakini historia siyo.

*Angalia umbo.* Kuna watengenezaji wana kalibu moja na wanaipaka rangi za mashirika kumi. VC10 lazima iwe na injini mbili mbili kila upande wa nyuma, na mkia wenye umbo la T. Injini zikiwa chini ya mabawa, hata kama imeandikwa East African kwa dhahabu, iache.

*Kagua mwili na boksi.* Rangi iliyokwaruzwa, antena iliyovunjika na gurudumu lililopotea hushusha bei, na boksi la awali huipandisha. Kwa modeli za kale kabisa, zile za kabla ya Vita vya Pili, tafuta nyufa. Zinki iliyochanganyika na risasi hupasuka yenyewe ikiwa imekaa tu kabatini.

Na usidhani historia yetu iko kwenye modeli zenye jina letu pekee. Mwaka 1954 kiwanda cha Dinky Toys cha Liverpool kilitoa Comet ya daikasti yenye rangi za BOAC. Ukiiona unasema hii ni ya Waingereza. Lakini safari ya kwanza duniani ya abiria kwa jeti, Mei 1952, ilikuwa ya Comet ya BOAC kutoka London kwenda Johannesburg, na njiani ilitua Entebbe. Mtoto wa Liverpool alikuwa akichezea kipande cha Uganda bila kujua.

Kinachonisumbua

Tarehe 18 Aprili 1972 pale Addis Ababa, 5X-UVA ilipasuka tairi ikikimbia kuruka, breki zikashindwa kuisimamisha. Kati ya watu 107, 43 walikufa. Kwenye meza ya mkusanyaji wa mbali, 5X-UVA ni namba tu, "nadra", "hali safi". Kwa familia za hapa ni msiba. Simlaumu huyo mkusanyaji, yeye amehifadhi alichokipenda. Lakini akituachia rangi na namba, hadithi nani ataiweka?

Ona pia kinachochaguliwa. Soko linataka jeti kubwa. Safari za ndani zilifanywa na Dakota na Fokker Friendship, ndege za pangaboi ambazo hazina mashabiki wengi. Hapa Malindi ranwei yetu ni kama kilomita 1.4, 787 haiji hapa. Anga yetu sikuzote imekuwa ya ndege ndogo. Tukingoja kiwanda cha China kitukumbuke, tutangoja sana.

Na kununua si rahisi. Modeli moja ya 1:400, ukiweka bei, usafirishaji na ushuru, inaweza kupita nauli ya basi Malindi hadi Nairobi, kwenda na kurudi. Sisemi ukope.

Ninachosema ni hiki. Kuna wachongaji mji huu wanaotoa twiga kwa mbao bila hata kuchora. Kuna vijana Kilifi wanaokunja mkebe wa soda ukawa ndege. Mikono tunayo. Kinachokosekana ni vipimo na picha, na hizo ziko kwenye masanduku ya wazee wetu: tiketi, postikadi, picha mtu amesimama kando ya ngazi ya ndege akiwa na suti.

So wikendi hii, muulize babu au bibi alipanda ndege gani mara ya kwanza, mwaka gani, wapi. Akiwa na picha, ipige simu yako ikionyesha namba ya usajili, halafu niwekee kwenye komenti. Ikianza na 5Y, 5H au 5X, nitaitafuta ilikoishia na nitaandika posti yake. Tukipata picha za kutosha za Dakota moja, tunampelekea fundi, na ya kwanza inakaa Malindi.