Mkataba, Kusinyaa na Kurudi: Neno Moja na Manamba wa Buha

Kiingereza kina neno moja, contract, ambalo limenisumbua tangu nilipoanza kufasiri. Likiwa nomino, ni mkataba. Likiwa kitenzi, laweza kuwa kufunga mkataba, kupata ugonjwa, au kusinyaa: chuma kikipoa, msuli ukijivuta, uchumi ukidorora, vyote husemwa kwa kitenzi hicho hicho. Asili yake ni Kilatini, kuvuta pamoja. Wawili wakivutana hadi wakaafikiana, huo ni mkataba. Kitu kikijivuta ndani yake chenyewe, kimesinyaa.

Kiswahili hakikuyachanganya hayo. Mkataba tuliutwaa katika Kiarabu, kwenye mzizi wa kuandika. Kwa maana ya kukazika na kupungua tunayo maneno mengi, kila moja na mahali pake. Kukaza ni kutia nguvu: fundo hukazwa, mwendo hukazwa, hata moyo hukazwa. Kubana hutoka nje: kiatu humbana mtu, na dhiki humbana. Kusinyaa ni kupotewa na maji na uhai, kama jani juani. Kunywea ni kupungua mwili, au kuishiwa nguvu kwa hofu. Mfasiri asipouliza nani anavuta na nani anavutwa, hawezi kuchagua.

Swali hilo nilijibiwa na historia ya kwetu. Mimi ni mtu wa Kasanda. Chini ya utawala wa Waingereza, Buha, yaani nchi ya Kasulu na Kibondo, ilikuwa mojawapo ya chemchemi kuu za vibarua wa mashamba ya mkonge. Mkonge wenyewe uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na mashamba yakaenea Tanga na kwingineko kandokando ya reli. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na huku kwetu njia za kuipata fedha zilikuwa chache. Wanaume wakatia dole gumba kwenye karatasi, wakashuka Kigoma, ambako reli ya kati ilikuwa imefika mwaka 1914, wakapanda gari moshi kuelekea mashariki. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU. Vibarua hao wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba.

Karatasi ile ilikuwa contract kwa maana zote mbili. Shambani ilikuwa makubaliano. Kijijini ilikuwa kusinyaa: konde lililolimwa na wawili likabaki na mmoja, na palipokuwa pamefyekwa pakaota vichaka.

Babu yangu alikuwa miongoni mwao. Bibi alinisimulia kwa Kiswahili, lugha ambayo babu aliileta nyumbani kutoka mkongeni, na hakulitaja neno mkataba hata mara moja. Alisema tu, "Alikwenda Tanga, mjukuu wangu, akarudi. Shati aliloliacha hapa likawa linampwaya."

Nilidhani nimeelewa. Miaka mingi baadaye, nikipekua kamusi kutafuta neno la nguo iliyopungua baada ya kufuliwa, nikalikuta: nguo hurudi. Kitambaa kimerudi, yaani kimekuwa kifupi kuliko kilivyonunuliwa. Nikafunga kamusi, nikamkumbuka bibi. Shati halikurudi, aliyerudi ni mwenye shati.

Kumbe lugha yetu nayo ina neno lake lenye sura mbili. Kiingereza kimefungamanisha kuafikiana na kusinyaa. Kiswahili kimefungamanisha kurejea na kupungua. Babu aliondoka nyumbani kwa neno la kwanza, akaingia tena mlangoni kwa neno la pili.

Nawaomba malenga wenzangu watakaotunga juu ya manamba wasiharakishe kutafuta neno zito. Lipo jepesi, na bibi zetu walilitumia. Waandike kwamba walirudi.