Mtetezi wa Mgonjwa na Lugha ya Mgonjwa

Historia ya haki za wagonjwa wa akili nchini Marekani husimuliwa zaidi kama historia ya sheria. Mwaka 1967 jimbo la California lilipitisha Sheria ya Lanterman-Petris-Short ili kukomesha desturi ya kuwafungia watu hospitalini kwa muda usiojulikana. Tangu ilipoanza kutumika mwaka 1969, anayelazwa bila ridhaa yake huzuiliwa kwanza kwa muda usiozidi saa 72. Akiongezewa hadi siku 14, hana budi kuelezwa sababu, naye anaweza kuzipinga. Baadaye kila kaunti ikatakiwa kuwa na mtetezi wa haki za wagonjwa. Hatua hizo ni kubwa, lakini zote zinategemea jambo moja: mgonjwa aelewe anachoambiwa, na anachosema kieleweke. Jambo hilo likikosekana, haki zilizobaki hubaki kwenye karatasi.

Ushahidi uko Kansas. Mwaka 1983 mwanamke wa jamii ya asili ya Rarámuri, kutoka milima ya Chihuahua nchini Meksiko, alipelekwa katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Larned. Kiingereza hakukijua, na maneno yake yakachukuliwa kuwa ya mtu anayepayuka. Alikaa humo miaka 12 akipewa dawa nzito. Mwaka 1986 Kongresi ilikuwa imetunga sheria iliyoyapa mashirika ya utetezi mamlaka ya kuingia hospitalini na kukagua mafaili ya wagonjwa. Shirika la aina hiyo ndilo lililofuatilia suala lake hadi akaachiwa mwaka 1995.

Wapo wanaosema mkalimani angetosha. Mkalimani anahitajika, ila kazi yake inamtaka asiegemee upande wowote: hufikisha maneno ya daktari na ya mgonjwa, wala si juu yake kumshauri mgonjwa adai haki yake. Mtetezi yuko upande wa mgonjwa, na akiijua lugha yake anamsikia moja kwa moja. Wengine husema utetezi huchelewesha tiba, na kwamba huenda yule mwanamke aliugua kweli. Tuseme aliugua, ugonjwa haufuti haki ya kuulizwa. Mwaka 1987, katika kesi iliyofunguliwa na mgonjwa aitwaye Riese, mahakama ya rufani ya California iliamua kwamba, isipokuwa wakati wa dharura, mgonjwa aliyelazwa kwa lazima asipewe dawa za saikosisi bila ridhaa yake mpaka ithibitike kuwa hana uwezo wa kuamua. Uwezo huo hupimwa kwa mazungumzo. Anayepimwa kwa lugha asiyoijua, kinachopimwa ni Kiingereza chake, si akili yake.

Miongoni mwa wakimbizi waliohamia Marekani miaka ya karibuni wamo Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili. Hospitali za huko zisisubiri miaka 12 nyingine: ziwe na watetezi wanaojua Kiswahili, nasi tuwahimize vijana wetu walioko huko waisomee kazi hiyo.